Kwa nini Kenya ilisaini peke yake na Umoja wa Ulaya

Ndugu, umeuliza inakuwaje Kenya iwe na mkataba wake wa biashara na Umoja wa Ulaya ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha wenye ushuru mmoja wa nje. Jumuiya nzima ilikamilisha mazungumzo Oktoba 2014, lakini Septemba 2016 ni Kenya na Rwanda pekee zilizotia saini, huku Tanzania ikihofia viwanda vyake vichanga. Msingi wa mgawanyiko huo ni kwamba wanachama wote ila Kenya wamo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, hivyo bidhaa zao, isipokuwa silaha, huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo, na miezi ya mwisho ya 2014 ilionja joto la jiwe pale maua yake yalipotozwa ushuru. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walimruhusu mwanachama aliye tayari aendelee, Kenya ikasaini Desemba 2023, na utekelezaji ukaanza Julai 2024. Kwa maoni yangu, ugumu halisi uko kwenye vyeti vya uasili, yaani hati zinazoonyesha bidhaa imetengenezwa nchi gani: bila ukaguzi makini, bidhaa ya Ulaya iliyoingia Mombasa kwa nafuu inaweza kuvuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania kana kwamba imetengenezwa Kenya.