Kozi ya teknolojia na utamaduni bila kompyuta

Dada, nimekuelewa: umepata nafasi chuoni Kampala, hujawahi kumiliki kompyuta, na unahofia kozi ya teknolojia na utamaduni itakuumbua. Mimi niliingia hivyo hivyo, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwetu haikuwa kozi ya kuandika programu hata kidogo. Tulibishana kuhusu kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda ya 2018, shilingi 200 kwa siku, na jinsi watu walivyoikwepa kwa VPN, yaani programu za kuficha unachofanya mtandaoni. Lubugo pia, kile kitambaa cha gome la mutuba ambacho utengenezaji wake uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni tangu 2008. Kumbe nyundo za mbao za kukipondea nazo ni teknolojia!

Wiki ya kwanza kabisa mwone mhadhiri, mwambie wazi huna kompyuta. Usingoje mtihani. Tafuta wenzako wawili watatu mchangie bando. Ukimhoji bibi yako kwa ajili ya kazi ya kozi, omba ruhusa kabla ya kurekodi. Mimi nilisahau, shangazi akaninunia hadi Krismasi.

Ila kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Na hofu ikikunyima usingizi, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo.