Majilio Haya, Anza na Majina ya Watu

Majilio, yale majuma ya kujiandaa kabla ya Krismasi, huku kwetu Dodoma huja wakati kila mtu ana haraka. Jumapili ya kwanza huangukia karibu na tarehe 30 Novemba, na hapo ndipo macho yote yako mawinguni. Anayelima Bahi au Chamwino anawaza mbegu, mwenye watoto anawaza ada ya Januari na nguo za Krismasi. Kanisani vitambaa vya zambarau vimeshatandikwa na kwaya inafanya mazoezi mpaka usiku. Moyo ndio unaachwa kiporo.

Mimi naamini kujiandaa kwa kuja kwake Yesu ni kumaliza mambo yako na watu. Wapendwa wengi hatupendi kusikia hivyo, maana ni rahisi kufunga siku tatu kuliko kumpigia simu shemeji mliyegombana kwa ajili ya kiwanja. (Na viwanja, tangu serikali ihamie hapa, vimekosanisha ndugu wengi sana.)

Soma Luka 3. Watu wanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hawaambii wahesabu miaka. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, askari asimdhulumu mtu na atosheke na mshahara wake. Angesimama leo soko la Majengo, nadhani angeanza na wanaomdai mkulima lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kisha angemgeukia mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi sita na kumfukuza mpangaji mwezi wa pili.

Wakulima wa huku wanajua kuberega: unakwangua majani juu juu na kupanda bila kulima. Ni haraka, lakini udongo mgumu hauyashiki maji, na mvua ikikatika mimea inanyauka. Toba zetu nyingi za Desemba ni za kuberega. Yeremia 4:3 inataka shamba lilimwe kwanza, mbegu isiangukie kwenye miiba.

Mimi huanza na daftari. Wiki ya kwanza ya Majilio nakaa peke yangu na kuandika majina: ninaowadai, wanaonidai, niliowanunia, na wale ambao nikiwaona mlangoni pa kanisa natokea mlango mwingine. Siombi chochote kuhusu majina hayo kabla sijamaliza kuandika, kwa sababu nikianza mapema najikuta namsimulia Mungu makosa yao. Kisha nachukua lililo jepesi. Kama ni deni dogo nalituma kwa simu siku hiyohiyo. Likiisha hilo, napata nguvu ya kumwendea yule mgumu.

Mwaka mmoja jina gumu lilikuwa la mama aliyechukua magunia yangu ya alizeti kwenda kuniuzia, asilete hela. Nilimwendea asubuhi kabla hajatoka. Nikamwambia, "Dada, sikuja kudai, nimekuja tusalimiane." Alinyamaza, akaingia ndani, akaniletea kigoda. Hela nyingine hazijarudi mpaka leo, na zipo siku zinaniuma. Ila naweza kupokea Meza ya Bwana naye akiwa kando yangu, jambo ambalo zamani sikuliweza.

Hiyo haimpi mdaiwa ruhusa ya kustarehe. Zakayo mtoza ushuru alisema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Wewe unayedaiwa usingoje aliyekukopesha akusamehe. Kama huna zote, peleka ulizo nazo.

Wanaosambaza meseji za tarehe ya mwisho wa dunia, Mathayo 24:36 imeshawajibu. Futa, endelea na daftari lako.

Na ukikataliwa? Itatokea. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", kwa hiyo upande wa pili si mzigo wako. Umekwenda, umesema, umelipa. Akifunga mlango, ondoka bila kelele, na usiende kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kwamba ulijaribu. Majilio yajayo liandike tena jina lake.