Jibu: Baba anapona kiharusi, mbona sasa ndiyo amenyong'onyea?

Ndugu, umesema mzee anatembea vizuri zaidi mwezi huu wa sita tangu apate kiharusi, lakini ndiyo kwanza haongei na mtu. Hutokea sana. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Wapo wanaoanza wakiwa bado wodini wakapona. Wengine huwapata baadaye, wakishaona mkono haurudi kama zamani. Na kuna inaowaacha kisha ikawarudia. Kwa hiyo kuulizwa mara moja tu kliniki hakutoshi. Angalia usingizi, hamu ya kula, na kama anakwepa mazoezi (watu humwita mvivu, kumbe anaumwa). Mwambieni daktari, dawa na ushauri nasaha husaidia. Akitamka habari za kufa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.