Kuchagua Mbegu za Managu Yanayostahimili Mbolea

Mwaka jana niliunguza managu (mnavu) niliyokuwa nimepanda kwenye mashimo ya magunia matatu ya udongo, kwa samadi ya kuku ambayo haikuwa imeoza. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa kahawia, ukizishika zinasagika vidoleni kama majani ya chai. Lakini shina moja lilibaki kijani tupu. Nililifunga uzi mwekundu, nikaliacha lizae mbegu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipanda mbegu zile, nikawapa watoto wake, yaani miche iliyoota, mbolea kali, wakaungua wote. Mama yao hakuwa mstahimilivu, alikuwa tu ameota mahali pazuri. Kwenye gunia maji na mbolea havisambai sawa: shimo hili linaungua, la jirani linapona.

Kinachounguza ni chumvi ya mbolea. Ikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji, mmea unakauka na udongo umelowa. Sisi wa upande wa Embakasi, Nairobi, tunaonyweshea maji ya kisima yenye chumvi tunaumia haraka zaidi, kwa hiyo mbegu inayostahimili inatufaa sana.

Siku hizi najaribia kwenye mikebe ya rangi ya lita 4, udongo mmoja, jua lilelile. Kila mama namtolea miche 10. Mitano inapata kijiko kimoja cha chai cha CAN (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) kwenye lita 5 za maji, mitano mingine vijiko vitatu. Managu hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo watoto wakipona karibu wote, ujue sifa hiyo imetoka kwa mama.

Tafadhali usiishie kutazama majani. Kuna mimea isiyoungua kwa sababu inakua polepole na kunywa kidogo, na hiyo haikulishi. Mimi nachuma na kupima kwa mizani kila wiki. Namtaka anayezaa vizuri kwenye kijiko kimoja na asiyeporomoka kwenye vitatu. Na akipatikana, mrudishe kwenye kijiko kimoja: naitrojeni ikizidi majani huwa laini, vidukari huyapenda, na naitreti hujazana kwenye mboga utakayompa mtoto wako.

Kati ya mama wanane nimebaki na wawili. Jana niliponda matunda yao meusi ndani ya maji, maganda yakaelea, mbegu zikatua chini. Sasa zinakauka kivulini juu ya gazeti, kila mama na karatasi yake, zikisubiri mvua ya Machi.