Mnaoanza kazi na saduria, someni hii kabla hamjajaza tangi

Wadogo zangu mnaoanza na Saduria entomon, yule isopodi wa Bahari ya Baltiki, mnyama wa gamba jamaa wa kaa na kamba, nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku za mwanzo niliweka wanne kwenye tangi moja, maji baridi, kioo kinang'aa, nikajiona fundi. Asubuhi nakuta watatu na vipande vya gamba. Nikaandika kwenye daftari "kafa", kumbe kaliwa, na waliomla ni wenzake.

Iko hivi, huyu havui gamba zima kwa mkupuo kama kaa, anavua nusu nusu, nyuma kwanza af mbele baadaye. Ukimwona nyuma kapauka na mbele bado kahawia usidhani anaumwa, ndo anavua, na hapo kawa laini, wenzie hawakawii. Mtenge mapema. Na vile vipande viwili ni vya mnyama mmoja jamani, mimi nshawahi kuripoti wawili.

Hiyo tangi tupu nayo ilikuwa ujinga. Hawa ni watu wa matope, anajifukia mpaka huoni kitu, na hukohuko ndo anawinda Monoporeia, wale amfipodi wadogo wanaofanana na kamba, anawadaka na miguu ya mbele, jozi tatu zilizojikunja kama makucha. Ukimweka kwenye kioo kitupu atazunguka usiku kucha, na yote utakayoandika yatakuwa habari za mnyama anayetafuta pa kujificha.

Chumvi isikuumize kichwa sana. Kule kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia, ule mkono wa Baltiki kati ya Uswidi na Ufini, ni kama gramu 3 tu kwa lita wakati bahari kuu ni 35, na yeye yupo tu, hata ziwa Vättern la Uswidi na Ladoga la Urusi wamo, maji hayana chumvi kabisa, ni masalia wa enzi ya barafu hao. Joto ndo la kuogopa, chumba kikipata vuguvugu utaona wanalegea.

Kingine, utakuta mkubwa kampanda mdogo kamshika kwelikweli, na kwa vile nshakutisha na habari za kulana utakimbilia kuwatenganisha. Subiri kwanza uangalie. Kama anambeba tu bila kumtafuna huyo ni dume, madume ndo wakubwa, anamlinda jike mpaka avue gamba wapandane. Mimi niliwaachanisha mara mbili kabla mtu hajanionea huruma akaniambia.