Kipimo cha KRAS kabla ya cetuximab: tulichopitia na mzee

Mkuu, umeuliza kama daktari anayetaka mama apimwe KRAS (jeni iliyo ndani ya seli za uvimbe) kabla ya dripu ya cetuximab, dawa ya kansa, anawafanyia biashara, maana kansa ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini na siku zinakwenda. Nimemuuguza mzee wangu kwa ugonjwa huohuo. Pimeni.

Dawa hiyo inaziba kipokezi cha EGFR kilicho juu ya seli, ili amri ya kukua isiingie. KRAS iko ndani, chini ya kipokezi. Ikiharibika, inatoa amri yenyewe usiku na mchana. Ni kama kuzima swichi ya ukutani wakati fundi alishaunga pampu moja kwa moja kwenye waya: maji yanapanda tu. Kwa wagonjwa 10, kama 4 hivi wana hitilafu hiyo. Hao wakipewa dawa hii ni kuchoma hela bure. Ombeni NRAS na BRAF, jeni nyingine za njia hiyohiyo ya amri, zipimwe kwa mkupuo mmoja, na muulize uvimbe ulianzia upande gani. Ulioanzia kulia huwa hauisikii sana dawa hii hata majibu yakiwa safi.

Kilichotutesa sisi ni kile kipande cha nyama cha upasuaji, ambacho ndicho kinachofanyiwa kipimo. Hospitali wanasema wametuma, maabara wanasema hawajaona. Wiki tatu! Nikaenda mwenyewe. Dada mmoja akavuta droo, akatoa kiboksi cha plastiki kidogo kuliko cha kiberiti, ndani nta nyeupe yenye doa la rangi ya chai, namba imeandikwa kwa penseli ubavuni. Nilikibeba mfukoni kama hirizi. (Msikiache kwenye gari juani.)

Majibu: KRAS G12D, yaani KRAS yake ina hitilafu. Cetuximab ikafutwa, mzee akaendelea na kemo pamoja na bevacizumab, ambayo inalenga mishipa ya damu inayolisha uvimbe.

Jirani yake wa kitanda majibu yalikuwa safi, akaanzishiwa cetuximab. Wiki ya pili uso ukajaa vipele kama kijana anayebalehe, mkewe akataka aache. Daktari akacheka: mara nyingi vipele hivyo ni ishara kwamba dawa imeshika. Akampa doxycycline (antibiotiki) na mafuta ya kulainisha, akamkataza jua. Magnesiamu nayo hushuka, kwa hiyo damu ilipimwa mara kwa mara.

Kesho asubuhi, kabla ya kuuliza bei, ulizeni kiboksi cha mama kiko wapi na namba yake ni ipi.