Routi ipo kwenye databesi ila mezani haipo? Usikimbilie kununua rauta

Juzi dogo mmoja wa Lindi kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, routi za nje naziona kwenye databesi ya OSPF ila kwenye meza ya routi hamna kitu, bosi anasema tubadili rauta." OSPF ni itifaki ambayo rauta zinaambiana njia za mtandao; databesi ni matangazo yote iliyopokea, meza ni njia inazotumia kweli, na routi za nje ni zile zilizoingizwa toka nje ya OSPF. Hilo la kubadili rauta bado linaniuma mpaka leo, maana na sisi liliwahi kutukuta.

Sisi tulikuwa na tawi Masasi, eria yake (kundi la rauta ndani ya OSPF) ni NSSA, yaani haipokei routi za nje za taipu 5 ila inaruhusiwa kuingiza za kwake. Rauta ya kule ndo ASBR, yaani inayoingiza routi za nje, inaziingiza kama LSA (tangazo la OSPF) taipu 7. Taipu 7 haitoki kwenye eria yake, kwa hiyo ABR yetu (rauta inayounganisha eria) hapa Mtwara inaigeuza taipu 5 ndo isambae eria 0, ile eria kuu, mpaka Lindi. Mtwara tunazipata, Lindi mezani hawana. Akaletwa mtaalamu toka Dar, kaangalia angalia, kasema rauta ya Lindi mbovu, mimi nikisema ngojeni kidogo najibiwa vijana wa huku nyie vuteni kebo. Haya.

Nikaingia rauta ya Lindi nikapiga show ip ospf database external, mstari wa Forward Address (anwani ya kupelekea trafiki ya routi hiyo) haukuwa 0.0.0.0, ulikuwa na anwani ya rauta ya Masasi. ABR ikigeuza taipu 7 anwani hiyo kwa kawaida inaiacha vilevile, na Lindi lazima iifikie kwa routi ya OSPF ya ndani ya eria au ya toka eria nyingine, ikikosekana routi ya nje haiingii mezani. Sasa kwenye ABR kuna mtu alikuwa kaweka filta, kazuia subneti yenye anwani hiyohiyo eti apunguze routi! Ni kama kutangaziwa korosho ziko ghala fulani na barabara ya kwenda ghalani imefungwa. Nikairuhusu subneti, routi zikaingia, na asante sikupewa.

Ukitaka unaweza pia kuweka suppress-fa kwenye ABR, anwani inakuwa sifuri na trafiki inaelekea kwa ABR yenyewe.

Jamani tusome databesi kabla ya kulaumu vyuma. ASBR ikiwa kwenye eria ya kawaida isiyo NSSA, tafuta taipu 4, ndo ABR inawaambia eria zingine ASBR inafikiwaje. Eria ya stub taipu 5 haiingii kabisa, usihangaike kuitafuta. Na nyie mnaoona metriki (gharama ya njia) 20 Lindi, 20 Mtwara mkadhani kuna kosa, hiyo ni routi ya nje aina ya E2, haijumlishi gharama za ndani, mkitaka ijumlishe wekeni E1.